King'ora Kilichokataa Kuulizwa

Jumanne ile king'ora cha kiwanda kililia saa nne na robo asubuhi, mlio mrefu wa kufunga kazi, nasi watu sabini na wawili tukabeba mikoba yetu tukaanza kwenda nyumbani.

Mimi ni mkaguzi. Meza yangu ni ile ya mwisho, karibu na mlango, na hakuna shati linalotoka pale bila kupita mbele ya macho yangu. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba mimi, kati ya wote, ningejiuliza inakuwaje kazi ifungwe na chai bado inafuka moshi. Wapi! Miaka ishirini na sita nimeusikia mlio ule, na mwili nao una mazoea yake: king'ora kikivuta pumzi tu, mkono unaweka mkasi chini na mguu unatafuta kiatu. Nilipozinduka nilikuwa nimefika getini. Mbele yangu alikuwepo Mzee Tayari, mtunza stoo, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuna siku mtu amewahi kumtangulia kutoka.

"Shemeji, leo jua limewahi kuchwa," akaniambia. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na utani wetu haujafa.

"Jua lipo palepale. Rudi ndani."

"Nirudi? King'ora kimesema. Mimi nani nibishane na king'ora?"

Watu wapatao thelathini walikuwa wameshavuka barabara. Meneja alitoka ofisini kikombe mkononi, mama mfupi mwenye sauti ya watu wawili, akasimama katikati ya cherehani zisizo na watu. "Nani kafunga kazi? Nauliza, nani?" Macho yetu sisi tuliokuwa tumerudi ndani yalikwenda kwenye chumba kidogo cha swichi kilicho chini ya ngazi. Mlango ukafunguka, akatoka mke wa mwanangu, mikono kichwani.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema.

Huyo mkwe wangu ndiye fundi wa kompyuta wa kiwanda. Ana mwezi wa nne kazini, bado yuko kwenye majaribio, na ni mimi niliyembembeleza meneja amchukue. Mwanangu ni dereva wa malori, akiondoka haonekani wiki tatu, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na mkwe wangu, na kazini vilevile. Wenzetu wanamwita Binti Kompyuta. Alipokuja, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukiamsha king'ora. Tangu mume wangu afariki, mwaka wa tatu sasa, kompyuta yake ilikuwa imezimwa na Mzee Tayari alikuwa anakibonyeza kwa kidole, na kwa kuwa kidole ni chake, mapumziko ya mchana yalianza mapema na kuisha pale atakapokumbuka.

Kabla ya hapo king'ora kilikuwa kinajiliza chenyewe. Mume wangu alikuwa fundi umeme pale, akajifunza kompyuta kwa vitabu vilivyochakaa, akaandika programu kwa lugha inayoitwa Perl. Lugha hiyo siijui, shule yangu iliishia ya msingi. Ninachojua ni kwamba kila dakika kompyuta inaiamsha programu, programu inaangalia saa na tarehe, na kama wakati umefika inakiwasha king'ora. Siku za kawaida tunafunga saa kumi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafunga saa sita mchana, ili mafundi wapate kusafisha cherehani na kuzitia mafuta. Yote hayo mume wangu aliyaandika kwenye faili moja, mistari mia nne, na pembeni akatia maelezo kwa Kiswahili chake: "Hapa usiguse." "Hapa ndipo penye kazi."

Mkwe wangu aliponionyesha maneno yale kwenye kioo cha kompyuta, nilishika ukingo wa meza. Nikamwambia, "Mwanangu, futa vumbi, washa, lakini mpangilio wa baba yako usiukate." Akaniahidi.

Ahadi hiyo ndiyo iliyotupeleka getini saa nne na robo.

Maana tatizo lilikuwa na historia. Miezi mitatu nyuma, Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, siku ya kazi kama nyingine, king'ora kilitufungia kiwanda saa sita mchana. Jumamosi iliyofuata, tarehe thelathini na moja, ambayo ndiyo ilikuwa siku yetu halali ya kutoka mapema, kikanyamaza mpaka saa kumi. Mzee Tayari alikaa saa nne nzima na mkoba mapajani kama abiria aliyeachwa na basi. Mkwe wangu akadhani saa ya kompyuta ndiyo mbovu, akabadilisha betri, na miezi miwili iliyofuata mambo yakawa shwari. Sasa mwezi huu kuna sare elfu mbili za chuo cha uuguzi, zinatakiwa kutoka Jumamosi tarehe ishirini na tatu, saa kumi. Mkwe wangu akataka uhakika. Akaisogeza tarehe ya kompyuta mbele hadi Jumamosi hiyo, saa sita, aone programu itafanya nini. Na programu ikafanya.

Meneja hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alinyoosha mkono, akapewa funguo za chumba cha swichi, akazitia mfukoni.

"Tangu uje hapa, hiki king'ora kina wazimu," akasema. "Funguo zitakaa kwangu mpaka mtu aniambie kosa ni nini na ni la nani. Na Jumamosi kikilia ovyo tena, mara moja tu, mkataba wako sisaini. Utaenda kujaribu kwingine."

"Si tuchomoe waya Jumamosi hiyo, bosi?" Mzee Tayari akadakia. "Kazi ya dakika moja."

"Sitaki king'ora cha kulelewa kama mtoto mchanga! Nataka kinachojua kazi yake."

Jioni ile mkwe wangu alikaa mezani akakizungusha kijiko kwenye sahani mpaka chakula kikapoa. Kibarua kile kwake hakikuwa mchezo. Alikuwa ameomba kazi sehemu tisa, na kote walimwuliza kama ameshafanya kazi popote kwa mkataba.

"Nimejua kitu kimoja," akasema hatimaye. "Jumamosi kitakosea tena. Kwa nini, sijui. Mama, faili la baba ni kama mtu asiyejua kuulizwa swali. Nikimwuliza, 'Hivi wewe tarehe ishirini na tatu utafunga saa ngapi?' hajibu. Anainuka anafunga kiwanda!"

Nikacheka, ingawa haikuwa saa ya kucheka. "Basi limemrithi mwenyewe. Nilikuwa nikimwuliza chumvi iko wapi, anakuja kupika."

"Ndiyo hivyo. Kila kitu kimeshonwa pamoja. Kuangalia tarehe, kuamua, kupiga king'ora, yote kipande kimoja. Huwezi kugusa kimoja ukaacha kingine."

"Na haiwezekani kulifundisha kujibu?"

Akanitazama, halafu akatazama kijiko. "Inawezekana. Lakini nilikuahidi."

Nikaondoa vyombo. Sikuwa tayari, na sitajifanya kwamba nilikuwa tayari.

Sasa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya kikundi chetu cha sala. Tukifunga kazi saa sita, tunakusanyika saa sita na nusu nyumbani kwa mmoja wetu, na mimi ndiye katibu tangu kikundi kilipoanza. Kila mkutano naandika tarehe, aliyekuja, aliyechelewa. Zamu ya mwezi huu ilikuwa nyumbani kwangu. Kwa hiyo alfajiri ya Jumatano, baada ya sala yangu, nikalishusha daftari nihesabu viti. Nikafungua kurasa za nyuma, zile za miaka ambayo mume wangu alikuwa hai, kwa hamu tu ya kuliona jina lake.

Nililiona. Mbele ya jina lake, mwezi huu "amewahi", mwezi unaofuata "amewahi", halafu "amechelewa". Sikumpendelea, katibu ni katibu. Nikakumbuka. Kila Jumamosi ya mwisho alikuwa ananisubiri getini hata kabla king'ora hakijalia, anachukua mkoba wangu, tunatembea pamoja. Ila baadhi ya miezi hakuwepo. Nilikuwa natangulia peke yangu, naye anakuja baadaye akihema, jasho usoni, anasema, "Nilikuwa nakaza skrubu." Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza ni skrubu gani inayolegea Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kazi yangu ni kutafuta mshono ulioruka. Nikaweka kidole kwenye tarehe za "amechelewa", nikashuka nazo moja moja. Tarehe thelathini. Tarehe ishirini na tisa. Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na tisa. Nikazigeukia za "amewahi": ishirini na tano, ishirini na nane, ishirini na mbili, ishirini na saba. Hakuna hata moja iliyozidi ishirini na nane.

Nikahesabu kurudi nyuma, siku saba kwa saba. Miezi ile ya "amechelewa" ilikuwa na Jumamosi tano.

Nilikaa pale mpaka chai ikachemka ikamwagika. Mume wangu alijua. Programu yake ilidhani Jumamosi ya nne ndiyo ya mwisho, na mwezi ukiwa na tano, yeye alikuwa anajificha chumba cha swichi. Ya nne anauchomoa waya, ya tano anabonyeza kitufe kwa mkono wake. Nami naandika "amechelewa".

Mkwe wangu alipoamka nikamwekea daftari mbele, nikamwonyesha tarehe. Hakumaliza ukurasa. Alishika mdomo.

"Mama! Wewe umelipata kwa daftari la sala?"

"Mungu hana faili lingine," nikamwambia. "Sikiliza. Ile ahadi nakurudishia. Kata unapotaka kukata. Na leo usiseme neno kwa meneja, hilo ni langu."

"Atamsema baba vibaya."

"Amseme. Yeye ameshapumzika. Wewe ndiye unayetafuta mkataba."

Niliyasema kwa ujasiri, lakini njia nzima ya kwenda kazini nilikuwa napunguza mwendo. Pale kiwandani jina la mume wangu lilikuwa jina. Mpaka leo mashine ikizingua watu wanasema, "Angekuwepo fundi." Na mimi ndiye niliyekuwa naenda kulitia doa.

Meneja alikuwa anasaini hati za vitambaa. Mzee Tayari alikuwa kasimama pembeni na majora mawili begani. Nilitaka kumwomba atoke, kisha nikaona heri nimalizane na wote kwa pamoja.

"Ulisema unataka kujua kosa ni nini na ni la nani," nikaanza. "Kosa ni Jumamosi ya tano. Na ni la marehemu mume wangu. Binti alilikuta."

Nikafungua daftari, nikamweleza. Meneja alizifuata tarehe kwa kalamu, midomo ikitembea. Alipofika chini ya ukurasa akaegemea kiti.

"Yaani huyu mtu," akasema taratibu, "alikuwa anasimama mle ndani anabonyeza kitufe kwa siri, halafu anatoka kuniambia, 'Bosi, kompyuta haikosei'?"

Mzee Tayari akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

"Na wewe una nini?" meneja akamgeukia.

"Mimi... mimi nilijua, bosi. Nilikuwa nawekwa mlangoni nikuzuie usiingie."

"Kumbe zile stori zako za panya stoo!"

"Panya walikuwepo. Siyo wengi vile."

Nikamgeukia. "Shemeji! Miaka yote hiyo hukuniambia hata mimi?"

"Alinilisha kiapo. Na asidhaniwe mvivu, alijaribu kulirekebisha. Mnakumbuka Jumatatu moja tulirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi, akasema panya kakata waya? Ndiyo siku alijaribu. Aligusa kitu kidogo aone kama kimekubali, king'ora kikalia, watu haooo. Akaniambia, 'Rafiki yangu, hili dude sitaligusa tena. Ukilijaribu, kiwanda kizima kinajua.'"

Meneja alianza kwa kutikisa mabega, halafu kichwa, halafu akacheka mpaka akavua miwani. "Baba mkwe Jumatatu, mkwe Jumanne! Nyie ni ukoo wa kufunga kazi."

Nami nikacheka, na kifua kikawa chepesi kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimedhani nakwenda kumvua mume wangu heshima. Kumbe nilikuwa namwona jinsi alivyokuwa, mtu mmoja aliyeogopa kelele.

Meneja akatoa funguo. Lakini hakuziachia mara moja. "Kosa si la binti, nimekubali. Ila Jumamosi ni Jumamosi, na maneno yangu ni yaleyale. Lirekebishwe, na lisinilizie mlio hata mmoja likirekebishwa."

Ndiyo, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana, nilibeba chakula changu nikaenda kukaa naye chumba cha swichi. Ni chumba cha mtu mmoja na nusu: kompyuta juu ya kreti, waya mwekundu unaopanda ukutani kwenda kwenye king'ora, na kigoda cha mume wangu. Nilikaa kwenye kigoda.

Alikuwa amelifumua faili kama mtu anavyofumua gauni zuri ili aligeuze, bila kupoteza kipande. Kazi yote ya mwanzo hadi mwisho aliiweka ndani ya fungu moja, akaliita "kazi", na juu yake akayaacha maneno ya mume wangu: "Hapa ndipo penye kazi." Kuamua kama Jumamosi ni ya mwisho akakuweka peke yake. Kupiga king'ora peke yake. Halafu akaandika mstari mmoja ambao nilimwomba aninakilie nyuma ya daftari langu, nao huu hapa:

kazi() unless caller;

"Maana yake?" nikamwuliza.

"Fanya kazi, isipokuwa kama kuna aliyekuita. Yaani hivi, mama. Kompyuta ikiliamsha faili lenyewe, linakuwa mwenye nyumba, linafanya kazi zake zote kama zamani. Lakini faili lingine likiliita, linakuwa mgeni. Linakaa kitini, linanyamaza, linajibu linachoulizwa."

"Mstari huo tu?"

"Huo tu."

"Na huyo anayeliita ni nani?"

"Faili langu la maswali. Na humo nimeweka king'ora cha karatasi. Badala ya kulia, kinaandika 'piii' kwenye orodha. Baba asingehitaji kusingizia panya."

Nikaelewa, tena vizuri. Mimi nikitaka kujua kama mkono wa shati umeshonwa sawasawa, simvishi mtu shati nikamwambia anyooshe mkono hadharani. Naukagua mkono ukiwa bado mkono.

Akaliita kwa mara ya kwanza. Kioo kikatoa maneno mekundu. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Limekataa kuja?"

"Limekuja, ila linalalamikiwa halikusema kweli mwishoni. Faili likiitwa na lingine, mstari wake wa mwisho lazima utamke kweli. Na kwa lugha hii kweli inaandikwa moja." Akajipiga paji la uso. "Nimesahau hiyo moja!"

"Umesahau Amina," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika waya mwekundu, nikapiga kelele auachie. Akashuka chini kabisa ya faili, akaandika 1 na alama ya kufungia, akasema kwa sauti, "Amina." Akaliita tena. Safari hii likaja, likakaa, likanyamaza. Nilitega sikio juu ya ngazi. Hakuna mlio. Nilisikia watu wakicheka huko nje na mtu akiosha kikombe.

"Sasa nauliza," akasema. "Tarehe ishirini na tatu, unafunga saa sita?"

Jibu likaja: ndiyo. Na pembeni, kwa rangi nyekundu, kwamba jibu hilo si sahihi.

"Hilo hapo kosa la baba," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemkuta kinda kiotani. "Nimeliona mchana kweupe, na hakuna aliyeondoka kwenye cherehani yake."

Kwenye kipande kile mume wangu alikuwa amehesabu Jumamosi moja, mbili, tatu, nne, akasimama. Mkwe wangu akaanza kufikiri atahesabuje mpaka tano, na akipata mwezi wenye Jumamosi nne afanyeje. Nikamwambia, "Mimi nikitaka kujua kama ndiyo ya mwisho, sihesabu. Natazama chini yake kwenye kalenda. Kama siku saba mbele bado ni mwezi huuhuu, siyo ya mwisho."

Akanitazama. Akaandika hivyohivyo, mistari miwili. Akauliza tena tarehe ishirini na tatu: hapana. Tarehe thelathini: ndiyo. Kisha akauliza tarehe zote za daftari langu, zile za "amechelewa" na zile za "amewahi". Kisha, kwa uchokozi, akauliza kila Jumamosi ya miaka kumi ijayo. Kioo kikajaa neno moja, sawa, sawa, sawa, likishuka kama mvua kwenye bati. Tulipitisha Jumamosi zaidi ya mia tano kwa muda wa kumeza tonge moja, na hakuna mtu aliyeweka mkasi chini.

Jumamosi ikafika. Nilimwona mkwe wangu amevaa blauzi aliyoivaa siku ya usaili. Chumba cha swichi kilikuwa kimefungwa, na meneja alikuwa na funguo, kwa amri yake mwenyewe. Hakuna mtu ndani. Hakuna kidole, hakuna waya uliochomolewa.

Kuanzia saa sita kasoro dakika tano cherehani zilianza kupunguza mwendo. Hakuna aliyeambiwa apunguze. Mmoja alifunga uzi, mwingine akatafuta kiatu kwa mguu. Meneja alisimama mlangoni pa ofisi. Mkwe wangu alisimama ukutani karibu na meza yangu, na nilisikia anavyopumua. Mimi nilikuwa na kola mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa naiona kola. Nilikuwa nasema na Mungu, maneno machache, hayahusu mtu.

Mshale mrefu ukapanda juu ya ule mfupi. Saa sita.

Kifungo kilianguka mahali fulani kikabingirika sakafuni, wote tukakisikia mpaka kiliposimama.

Saa sita na dakika moja. Mbili.

"Mzee," sauti ya meneja ikakata ukimya, "huo mkoba begani kwako umebeba nini?"

"Hewa, bosi," Mzee Tayari akajibu, akaushusha polepole.

Jengo zima likalipuka kwa kicheko, cherehani zikanguruma upya, na mkwe wangu akakaa chini sakafuni palepale kama gunia lililofunguliwa. Saa kumi king'ora kikalia, lori likiwa limeshapakiwa shati la mwisho.

"Sasa utanisainia?" mkwe wangu akamwuliza meneja, nusu utani.

"Nusu shati si shati. Jumamosi ijayo tuone kama kinajua na kulia."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa tarehe thelathini. Niliwahi kumaliza mashati yangu, nikachukua mkoba na daftari la sala, nikaelekea mlangoni saa sita ikiwa bado dakika tatu. Mzee Tayari alinipita kwa kasi, kama heshima yake inavyodai. Nilipotoka kwenye jua nikasimama.

Mkwe wangu alikuwa getini. Alikuwa amefika kabla ya Mzee Tayari, jambo lililomwuma sana yule mzee. Mikono yake ilikuwa safi, hana haraka, hana jasho. Chumba cha swichi kilikuwa na kufuli. Hakukuwa na mtu hata mmoja aliyehitajika kule.

"Leta mkoba, mama," akasema.

Nikampa. Sijui kama alijua alichokuwa anafanya. Nadhani alijua, maana alikuwa ameyasoma yote kwenye daftari.

Meneja akaja na karatasi, kalamu kati ya meno, macho kwenye saa ya mkononi. Tukasimama wanne. Kisha king'ora kikavuta pumzi kule juu ya paa, kikalia, mlio mrefu, saa sita kamili, siku yenyewe. Meneja akamshika Mzee Tayari begani, akamwinamisha, akaweka mkataba juu ya mgongo wake, akasaini.

"Bosi, taratibu! Mgongo huu una miaka sitini!"

"Tulia. Ndiyo kazi ya kwanza unafanya baada ya saa sita."

Tulitembea mimi na mkwe wangu, mkoba wangu begani kwake, tukafika nyumbani kabla ya wageni. Nikapanga viti, nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya. Nikaandika tarehe thelathini, chini yake jina la mkwe wangu, na mbele yake: amewahi.